Kabla ya Kumwita Mtu Mvivu

Mwaka jana, wakati wanafunzi wa Gredi ya 9 wanachagua mikondo ya sekondari ya juu, dada yangu mkubwa alinipigia simu. Salamu zilikuwa za haraka haraka. "Njoo uongee na mpwa wako," akasema. "Ati anataka kwenda kusomea kuruka kamba."

Jumapili nikapanda matatu pale Ukunda, nikashuka Msambweni. Kwetu Wadigo neno la mjomba lina uzito wake. Zamani ukoo na urithi vilifuata upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na usemi juu ya watoto wa dada yake. Siku hizi mambo yamechanganyika, lakini wazazi wakishindwa kuelewana na mtoto bado utasikia: mwiteni mjombake.

Nilikuta kikao kimeshaanza barazani. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwenye daftari chaguo lake la kwanza: Sanaa na Sayansi ya Michezo. Alitaka upande wa michezo, ajifunze jinsi mwili unavyofanya kazi mtu anapokimbia, anapochoka, anapoumia. Mamake alitaka STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Babake alikuwa kimya, anachezea simu. Mamangu mzazi ndiye aliyeuliza swali lililotuchekesha sote: "Kwani mwili nao unasomewa? Si kila mtu anao wake?"

Nilicheka pia. Halafu nikaona mpwa wangu hacheki, ananitazama. Kwenye familia hii mimi ndiye mtu wa mazoezi. Asubuhi nafanya kazi kwenye chumba cha mazoezi cha hoteli moja ya Diani, jioni nafundisha mpira vijana wa mtaani. Alitegemea nimtetee palepale. Nikasema nipeni wiki moja nifikirie. Walidhani naringa. Ukweli ni kwamba swali la mamangu lilikuwa limenigusa pabaya, na ilibidi kwanza nijieleze mwenyewe.

Mwaka 2023 nilikuwa na kijana wa miaka 14 kwenye timu yangu, winga wa kulia. Alikuwa na mguu mzuri na macho ya kuona pasi kabla ya wengine. Lakini hakumaliza mazoezi hata siku moja. Dakika 15 za mbio tu, ameshainama, mikono magotini. Akipoteza mpira harudi kukaba. Nilimvumilia kama wiki tatu. Siku moja nikapiga filimbi, nikasimamisha mazoezi, nikamwambia mbele ya wenzake wote: "Wewe ni mvivu. Kipaji unacho, moyo huna. Nenda ukauze madafu." Wenzake wakaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo jina likamganda: Madafu. Alikuja mara tatu zaidi, kisha akapotea.

Miezi miwili baadaye nikakutana na mamake sokoni. Akanieleza kuwa mwanawe alipelekwa zahanati, akakutwa na kichocho na safura, na damu yake ilikuwa imeshuka sana hata mhudumu akashangaa alikuwa anatembeaje. Yule mama hakuja kunilaumu. Alikuwa ananieleza kwa nini mtoto amekosa mazoezi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Fikiria kilichokuwa kinatokea ndani ya yule kijana. Oksijeni husafirishwa mwilini na himoglobini, ile inayoipa damu rangi nyekundu. Minyoo ya safura hujishikiza kwenye utumbo na kufyonza damu kidogo kidogo kila siku, na kichocho humfanya mtu aipoteze kupitia mkojo. Himoglobini ikipungua, moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi ili kupeleka oksijeni ileile. Kwa hiyo mbio ambazo kwa wenzake zilikuwa za kupasha misuli moto, kwake zilikuwa kama kupanda mlima amebeba gunia. Ukipima kwa haki, yule niliyemwita mvivu huenda ndiye aliyekuwa anafanya kazi kubwa kuliko sisi sote pale uwanjani, pamoja na mimi mwenye filimbi.

Unaweza kuniambia: kocha, hukujua. Nami nilijiambia hivyo kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba asubuhi ya siku ileile, kabla sijamruhusu mgeni mmoja wa hoteli kupanda mashine ya kukimbilia, nilikuwa nimempa fomu ya maswali saba. Fomu hiyo ilianzia Kanada na sasa inatumika kwenye vyumba vya mazoezi sehemu nyingi duniani. Inauliza kama una tatizo la moyo, kama kifua kinakuuma, kama huwa unapata kizunguzungu, kama kuna kiungo chenye shida, kama kuna dawa unayotumia. Mwisho inauliza kama kuna sababu nyingine yoyote ambayo ingekuzuia kufanya mazoezi. Mgeni akijibu ndiyo hata mara moja, simruhusu. Namwambia kwa upole aone daktari kwanza.

Kwa hiyo maswali nilikuwa nayo. Yalikuwa kwenye droo ya meza yangu, kilomita chache kutoka uwanja wetu. Tofauti ni kwamba mgeni amelipa. Akianguka kuna meneja, kuna bima, kuna wakili. Kijana wa mtaani akianguka kuna vumbi tu. Mmoja akihema namuuliza, mwingine akihema namtukana.

Hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua, na nadhani si langu peke yangu. Mtu akikosa kujua jambo ambalo angeweza kulijua kwa kuuliza tu, je, kutojua kwake ni udhuru?

Baadaye nilianza kusoma habari za minyoo na nguvu za mwili, nikagundua kuwa somo analolitaka mpwa wangu lilishafika Kwale kabla yeye hajazaliwa, kabla hata mimi sijaanza shule. Lilikuja na watafiti. Mwaka 1983 ilichapishwa kazi juu ya wafanyakazi wa wilaya ya Kwale, ikiangalia uhusiano wa minyoo, upungufu wa damu na lishe. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, pamoja na wenzao Wakenya, wakaingia mashuleni. Waliwapima wavulana kwa jaribio la kupanda na kushuka kibao kwa mwendo maalum, halafu mtoto anakaa na mapigo ya moyo wake yanahesabiwa. Moyo unaorudi haraka kwenye utulivu ni moyo wenye uwezo. Moyo unaoendelea kwenda mbio umetumika kupita kiasi.

Jaribio lenyewe lilibuniwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na Maabara ya Uchovu ya Harvard, iliyodumu kutoka 1927 hadi 1947. Jina hilo ni la kweli, Maabara ya Uchovu, na makao yake yalikuwa kwenye shule ya biashara. Mtu mzima anapanda kibao cha kama sentimita 50, mara 30 kwa dakika, kwa muda usiozidi dakika 5. Hakuna mashine. Kunahitajika kibao, saa na vidole viwili.

Matokeo ya Kwale yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kwamba wavulana wenye minyoo waliopewa dozi moja tu ya albendazole walikuwa na uwezo mkubwa zaidi miezi minne baadaye. Hamu ya kula pia iliongezeka, na walikua vizuri kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Soma tena polepole. Hakuna aliyewahutubia juu ya kujituma. Hakuna aliyewachapa. Hakuna aliyewapa jina la Madafu. Walipewa dozi ya dawa ya minyoo, na wakapata kile ambacho sisi makocha tunakiita moyo.

Mimi nimezaliwa kaunti hiihii. Nimesoma shule hizihizi. Kwenye Biolojia nilichora moyo kwa kalamu nyekundu na ya buluu, nikaweka majina ya vyumba vyote vinne, nikapata alama zangu. Hakuna aliyewahi kuniambia: weka vidole viwili hapa shingoni, hesabu kwa nusu dakika, sasa kimbia, hesabu tena. Kipindi cha P.E. kilikuwepo kwenye ratiba, lakini kwa kuwa hakikuwa na mtihani, kiligeuka kuwa kipindi cha kumalizia hesabu. Miili ya watoto wa Kwale ilikuwa imeandikwa kwenye majarida ya kisayansi ya Kiingereza, na watoto wenyewe hawakuwa na habari.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mamangu ni hili: ndiyo, kila mtu ana mwili wake, lakini kuwa na kitu si kukijua. Mtu anaweza kukaa na ugonjwa miaka mitano akidhani ndiyo tabia yake.

Jibu la pili ni refu kidogo, kwa sababu linahusu neno lenyewe, mvivu.

Sisi watu wa pwani tumezoea kuitwa wavivu. Ukienda Nairobi ukaongea Kiswahili chetu, kabla hujamaliza sentensi mtu ameshakutania juu ya kulala chini ya mnazi. Tunacheka nao. Lakini neno hilo lina umri hapa. Waingereza walipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa kwenye pwani hii mwaka 1907, watu wengi walioachwa huru hawakutaka kurudi kwenye mashamba ya mabwana wa zamani kwa masharti yaleyale. Walipendelea kulima vishamba vyao na kufanya vibarua kwa muda wao. Wenye mashamba na maafisa wa serikali walilalamika kwamba watu wa pwani hawapendi kazi. Mtu amekataa kutumikishwa, anaitwa mvivu. Miaka mingi baadaye mtoto ana safura, naye anaitwa mvivu. Neno ni lilelile, na anayelitumia hana haja ya kujua tofauti.

Ukilifungua neno hilo utakuta watu wengi wamefungiwa ndani. Kuna mgonjwa. Kuna mwenye njaa. Kuna asiyelala usiku kwa sababu za nyumbani. Kuna aliyekata tamaa. Kuna anayekataa kwa sababu nzuri. Na ndiyo, kuna mvivu wa kweli pia. Kwa nje wote wanafanana: wameinama, mikono magotini. Ukiwa mbali huwezi kuwatofautisha, na sisi tunaotoa hukumu mara nyingi tuko mbali, tuna filimbi.

Rafiki yangu mmoja, kocha mwenzangu, nilipomwambia haya alinijia juu. "Sasa wewe unataka kila mtu awe na sababu? Kesho nikimwambia mtoto kimbia ataniambia damu yake iko chini. Nani atabaki wa kulaumiwa?"

Hoja yake si ya kupuuza. Kama kila kosa lina maelezo ndani ya damu au misuli, basi lawama inakufa, na sifa inakufa pamoja nayo. Huwezi kumpongeza aliyejitahidi kama jitihada nayo ni himoglobini tu. Sitaki dunia hiyo.

Lakini kipimo hakiui lawama, kinaielekeza mahali pake. Kijana akiniambia amekwisha kabisa, na mapigo yake yameshatulia ndani ya dakika moja, mazungumzo yetu yatakuwa tofauti na yale ya kijana ambaye moyo wake bado unagonga kama ngoma dakika tatu baadaye. Wa kwanza naweza kumwambia, mwanangu, bado unayo, ongeza kidogo. Wa pili namwambia kaa chini, leo umetosha, na kesho twende zahanati. Nikiwachapa wote kwa fimbo moja, nimemwonea wa pili na wala sijamsaidia wa kwanza.

Tena kuna jambo moja la ajabu kuhusu kuhesabu mapigo. Huwezi kulifanya ukiwa mbali. Lazima umsogelee mtu, umshike mkono, unyamaze nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo nimesikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia nikiwa na filimbi: kocha, jana hatukupika, kocha, nyumbani kuna ugomvi. Mapigo ya moyo hayasemi hayo, na sayansi ya mazoezi haidai kuyajua. Ila inakulazimisha uwe karibu vya kutosha kuambiwa.

Wala simaanishi kwamba mwenye cheti ndiye mwema na asiyenacho ni mkosaji. Mfano mkubwa tunao hapahapa Kenya. Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland akafika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia, akawasikiliza, akabadilisha mazoezi kufuatana na alichokiona. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Huyo ni mtu ambaye hakujua, lakini alitazama.

Na wenye kujua nao hukosea. Kwa miaka mingi kila aliyeteguka aliambiwa apumzishe, aweke barafu, afunge bandeji, ainue mguu. Ushauri huo ulienezwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, kupitia kitabu chake cha mwaka 1978. Mwaka 2014 Mirkin huyohuyo aliandika kwamba barafu, na kupumzika kabisa, vinaweza kuchelewesha kupona. Simlaumu kwa kukosea mwaka 1978. Namheshimu kwa kurudi na kusema.

Basi mstari naona unapita hapa. Kutojua peke yake si dhambi, sote tunaanzia huko. Kosa ni kuwa na mamlaka juu ya mwili wa mtu mwingine, kumwamuru kimbia, beba, simama, amka, halafu ukakataa kutazama. Kocha ana mamlaka hayo. Mwalimu wa zamu anayo. Mzazi anayo. Msimamizi wa vibarua anayo. Mwenye mamlaka hayo, kutouliza kwake si udhuru. Na kwa upande wangu ilikuwa mbaya zaidi, maana nilikuwa nauliza, ila nilichagua wa kuwauliza.

Wiki ilipoisha nilirudi Msambweni nikiwa nimejipanga. Nikawaeleza haya yote, hata ya yule kijana. Dada yangu akalegea kidogo. Nikadhani nimeshinda. Ndipo shemeji yangu akaweka simu chini, mara ya kwanza tangu kikao cha kwanza.

"Mimi nimebeba mizigo miaka ishirini," akasema. "Mgongo wangu unaujua. Nimeuza mwili wangu ili huyu asome. Sasa unaniambia akasomee kuuza wake? Watoto wa matajiri watakuwa madaktari na mainjinia, wetu watakuwa wa kuwarusharusha wazungu ufukweni."

Nilikosa la kusema kwa muda. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na siwezi kuimaliza kwa maneno matamu. Mpango wa serikali ulilenga asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Kila sekondari ya juu inatakiwa kutoa STEM, lakini si kila shule inatoa mkondo wa sanaa na michezo. Hatari ipo wazi kwamba mkondo huu utageuzwa jalala, wanatupwa wale wanaoonekana hawana kichwa, wanapewa mpira mmoja na mwalimu anayekaa kivulini. Hapo mtoto hatakuwa amesoma mwili. Atakuwa amefundishwa kwamba yeye ni mwili tu.

Na Diani yetu inajua sana kuutumia mwili wa mtu. Kuna anayebeba mabegi, anayekanda migongo, anayecheza ngoma jukwaani saa tatu usiku ilhali ameamka alfajiri, anayepanda mnazi bila kamba ili mgeni apige picha. Hakuna aibu kwenye kazi hizo, mimi mwenyewe ninaishi kwa kazi ya namna hiyo. Lakini shemeji ana haki ya kuogopa.

Mwishowe nilimwambia hivi. Shemeji, mwili tunauza tayari, na wewe ni shahidi. Swali ni kama muuzaji anaijua mali yake. Ulipoanza kubeba, kuna mtu alikuonyesha namna ya kuinua mzigo kwa miguu badala ya kiuno? Kuna aliyekuambia maumivu gani ni ya kuvumilia na yapi ni onyo? Aliyekupa gunia alijua bei ya gunia. Bei ya mgongo wako hakuna aliyekuwa anaijua, hata wewe. Kama kungekuwa na mtu mmoja kwenye kundi lenu aliyesoma mambo haya, angeweza kusema: hapana, huu mzigo wa watu wawili. Kusema hapana kunahitaji ushujaa, lakini kunahitaji pia ujue unachokisema.

Hakukubali palepale. Alisema, "Basi kaulizeni hiyo shule." Na nadhani hiyo ndiyo hukumu ya busara iliyotolewa barazani siku hiyo. Tukaandika maswali. Kuna mwalimu aliyesomea somo hili, au atakayepatikana ndiye atakayefundisha? Mtoto anaweza kuchukua Biolojia pamoja nalo? Atapima na kuandika, au atakuwa anakimbia tu? Shule ya kwanza majibu yalikuwa ya kuzungukazunguka, tukaachana nayo. Ya pili walijibu vizuri kiasi. Sasa yuko Gredi ya 10 huko. Sijui mkondo huu utakuwa nini baada ya miaka mitatu, yeye na wenzake ndio wa kwanza kuupita. Ila aliporudi nyumbani mara ya kwanza alimshika nyanyake kifundo cha mkono, akanyamaza, anatazama saa. Mamangu naye akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Unasemaje?"

Yule kijana wangu nilikutana naye mwaka jana pale stejini Ukunda. Ana miaka 16 sasa, amejaza mwili, yuko shule. Akaniita kocha, kwa heshima ileile. Nikamvuta pembeni nikamwambia nilimkosea, kwamba alikuwa mgonjwa nami nikamtukana mbele ya watu. Alionekana kuona haya kwa niaba yangu. "Si neno, kocha," akasema. "Hata mimi nilikuwa najua mimi ni mvivu tu." Nikamwambia uwanja upo, karibu. Akasema atakuja. Hajaja bado, na sina haki ya kumdai.

Tangu hapo, mwanzo wa kila muhula tunakaa chini ya mti kabla hatujagusa mpira. Nimeyaweka yale maswali saba kwa Kiswahili cha kwetu, nikaongeza mawili: umekula nini leo, na je, umewahi kuona damu kwenye mkojo wako? Namuuliza kila mmoja peke yake. Inachukua jioni nzima, na vijana wananung'unika kwamba wamekuja kucheza, hawakuja kuhojiwa. Mara ya kwanza nilipouliza swali la mwisho, wawili walijibu ndiyo bila wasiwasi wowote. Mmoja akaongeza kwamba yeye alidhani ndivyo inavyokuwa mvulana akianza kukua.

Kesho yake asubuhi niliomba ruhusa kazini, tukaenda zahanati watatu. Njiani mmoja wao akaniuliza kama akipewa dawa ataweza kumaliza raundi zote. Nikamwambia sijui, tutahesabu.